Kusomea ufundi wa stima bila kuacha kazi: mtu wa Malindi ashike njia gani, na wa Lamu ipi?

Nyumba ikishapigwa waya, Kenya Power haileti mita mpaka ipelekewe cheti cha kukamilika kwa kazi, nacho kiwe na sahihi ya kontrakta mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi na petroli. Hapo ndipo mafundi wengi wa Malindi wanapokwama. Muyeye, Shella, Kisumu Ndogo, kote kuna watu wanaoweza kupiga waya nyumba nzima kuanzia mita hadi taa ya mwisho, lakini kazi ikiisha mwenye nyumba huambiwa atafute mtu mwingine wa kutia sahihi. Huyo mwingine hakushika hata plaisi, na bei yake haina mjadala.

Kwa hiyo mtu akiniuliza asomee wapi stima huku akiendelea na kazi, mimi humrudishia swali: unataka kufika wapi? Kuna anayetaka cheti cha kumpandisha ngazi hotelini. Kuna anayetaka leseni yake mwenyewe ili aache kumlipa mtia sahihi. Kuna kijana wa Mpeketoni aliyemaliza kidato cha nne na hajawahi kushika testa. Hawa hawapaswi kusoma kwa njia moja hata kidogo.

Jambo la kujua mapema ni kwamba chuo hakitoi leseni. Chuo, au NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hukupa cheti. Cheti hicho, pamoja na ushahidi kwamba umefanya kazi, ndivyo unavyovipeleka EPRA, nao wanakupima kabla ya kukupa daraja. C2 ndilo daraja la chini, juu yake C1, kisha B, na A1 iko juu kabisa. Ukija kutaka kuchukua tenda za majengo makubwa utakutana pia na NCA, mamlaka ya ujenzi, lakini hilo ni la mbele. Njia zote nitakazozilinganisha hapa nazipima kwa swali hilo: je, itanifikisha kwenye daraja ninalolitaka, na itaniweka mbali na riziki yangu kwa muda gani?

Uanagenzi na mtihani wa NITA

Hii ndiyo njia wanayoanza nayo wengi pwani, hata wasipojua kwamba wameianza. Unamfuata fundi, unabeba ngazi, unapitisha waya kwenye paipu, mwaka wa pili unaachiwa chumba ufunge mwenyewe. Kinachokosekana ni karatasi. NITA ndiyo inayotoa karatasi hiyo kupitia mtihani wa ufundi, ule tunaouita tredi testi, wenye gredi tatu. Gredi ya III ndiyo ya kuanzia na gredi ya I ndiyo ya juu. Wengi huchanganya hapa wakidhani namba kubwa ndiyo bora.

Uzuri wake kwa mtu wa kazi ni kwamba huendi shule. Unajiandikisha, unajitayarisha kwa wakati wako, unaenda kwenye kituo siku ya mtihani. Alama za KCSE hazikuzuii kuanza na gredi ya III, kwa hiyo hata aliyeishia darasa la nane ana nafasi. NITA ina kituo chake Mombasa, na vyuo kadhaa vya ufundi hutumika kama vituo vya mtihani, kwa hiyo uliza kwanza chuo cha karibu yako kabla ya kupanda gari.

Mtihani wenyewe si mchezo kwa aliyejifunza mtaani. Wengi huanguka kwenye vitu wanavyovifanya kila siku. Chukua taa ya ngazi, ile inayowashwa chini na kuzimwa juu. Swichi yake ina skrubu tatu: moja imeandikwa COM, nyingine mbili L1 na L2. Laivu, yaani waya unaoleta umeme, inaingia COM ya swichi ya chini, waya mbili zinapanda kutoka L1 na L2 hadi L1 na L2 za swichi ya juu, na COM ya juu ndiyo inayokwenda kwenye taa. Ukibadilisha COM na L1 upande mmoja, taa itawaka swichi zikiwa katika hali fulani tu, na fundi wa mtaani atahangaika akijaribu hii na ile mpaka ikubali. Mtahini hakusubiri ujaribu. Anataka uchore kwanza, ufunge mara moja, na uweze kumwambia kila waya unabeba nini.

Kijana mmoja niliyekuwa namtayarisha alifunga ubao wake vizuri, taa ikawaka, akanitazama kwa fahari.

"Zima," nikamwambia.

Akazima.

"Haya, weka testa ndani ya holda."

Testa ikawaka.

"Lakini fundi, si taa imezimika?"

"Taa imezimika, holda haijazimika. Umeikata nyutro ukaiacha laivu. Bibi yake mtu atapanda stuli kubadilisha balbu, na swichi amezima kabisa."

Makosa ya namna hiyo hayaonekani nyumba ikiwa mpya. Ndiyo maana nasema mtihani wa NITA una faida hata kwa mtu aliyefanya kazi miaka kumi: unamlazimisha apime kazi yake, wala si kuangalia tu kama inawaka.

Siku hizi kuna mlango wa pili katika njia hii hii, nao ni RPL, utambuzi wa ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Unakusanya ushahidi wa kazi ulizofanya, picha, barua za waliokuajiri, kisha mpimaji anakuhoji na kukuangalia ukifanya kazi. Kama umeiva unapewa cheti cha kiwango chako. RPL haikufundishi chochote, inapima kilichopo. Fundi ambaye amefunga soketi tu maisha yake yote atatoka na kiwango cha mtu wa soketi. Kwa hiyo anza leo kuweka daftari la kazi: tarehe, mahali, ulifanya nini, nani alikusimamia, na sahihi yake. Daftari hilo utalihitaji tena utakapokwenda EPRA, na kulitunga baada ya miaka mitano, wakati nusu ya mabosi wako wamehama, ni adhabu.

Kasoro ya njia hii ni nadharia. Unaweza kuwa na mkono mwepesi na usijue kwa nini kebo ya taa ya milimita 1.5 haifai kubeba hita ya kuogea. Hesabu yake ni ya dakika moja: hita ya wati 5,400 ukiigawa kwa volti 240 inavuta ampea 22.5. Saketi ya taa huwekewa breka ndogo kuliko hapo kwa makusudi. Fundi asiyejua hesabu hiyo, breka ikianguka anaweka kubwa zaidi, na hapo kebo ndiyo inayogeuka fyuzi. Nimeziona kebo za namna hiyo zikiwa zimeiva ndani ya ukuta.

Chuo cha karibu, masomo ya muda

Vyuo vya ufundi vya mashinani, vile vilivyoitwa zamani politekniki za vijiji, viko chini ya kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010. Taasisi kubwa za kiufundi na politekniki za taifa ziko chini ya serikali kuu. Tofauti hii ina maana kwako: cha kaunti kwa kawaida kiko karibu na nyumbani na ada yake ni nafuu, ila vifaa vyake hutegemea kaunti imetenga nini mwaka huo. Nimeingia karakana zenye mota za fezi tatu zinazozunguka, na nyingine ambako wanafunzi thelathini wanagombania mita moja ya kupimia.

Katika mtaala mpya wa CBET, ule wa umilisi, kozi zimepangwa kwa viwango, kuanzia cha 3 hadi cha 6. Kiwango cha 6 ndicho sawa na diploma, cha 5 ni sawa na ile kozi ya krafti ya zamani, na vya chini yake ni vya ufundi wa kuanzia. Kwa kawaida diploma huhitaji C- ya KCSE, krafti D, na vya chini hupokea alama yoyote. Hutahiniwi kwa karatasi ya mwisho peke yake. Unapimwa kazi kwa kazi, na uamuzi ni ama umeweza ama bado. Mtaala umegawanywa pia kwa moduli, na kwa mtu wa kazi hiyo ndiyo habari njema kuliko zote, kwa sababu unaweza kumaliza moduli moja, ukarudi kazini, ukaja kuendelea bila kupoteza ulichokwisha kupimwa.

Tatizo ni kwamba kwenye karatasi kuna "masomo ya muda" na kwenye chuo kuna ratiba. Malindi ina msimu wake. Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi, hoteli na majumba ya Waitaliano kuanzia hapa mpaka Watamu yamejaa, na fundi wa matengenezo hana jioni wala Jumapili. Masika ikiingia, Aprili hadi Juni, wageni wanapungua, vibarua wanapewa likizo bila malipo, na fundi anakaa barazani. Mtu wa Malindi akiniuliza, namwambia asihangaike na darasa la jioni la mwaka mzima. Atafute chuo kitakachomruhusu kufanya moduli nzima nzima wakati wa masika. Darasa la jioni la mwaka mzima utalihudhuria Mei, na Desemba utakuwa juu ya paa la mtu ukitafuta kwa nini jenereta haipokei.

Na kwa mwezi wa Ramadhani, kama wewe na wenzako mnafunga, angalia ratiba kabla ya kulipa. Kipindi cha saa moja hadi saa tatu usiku kinagongana na futari na tarawehe, na darasa likibaki na watu wanne mwalimu naye hupoteza hamu.

Kina dada wanaosomea kazi hii, nao wanaongezeka, wana hesabu nyingine tena: darasa linatoka saa ngapi, na kutoka pale hadi stendi kuna mwanga au hakuna. Siwezi kuiita hiyo sababu ndogo. Nawajua wazuri walioacha kwa ajili yake.

Kwenda Mombasa

Kenya Coast National Polytechnic na Technical University of Mombasa ndizo taasisi ambazo mtu wa pwani huzifikiria akitaka diploma ya uhandisi wa umeme. Hapo unapata karakana za kweli, walimu wa kila fani, na jina ambalo mwajiri analijua. Ukitaka kupanda mpaka madaraja ya juu ya leseni, kusimamia mitambo ya kiwanda au kufanya kazi ya laini kubwa, mapema au baadaye utafika huko.

Lakini kutoka Malindi ni kama kilomita 120, na foleni ya Mtwapa haijali kwamba una kipindi. Darasa la jioni Mombasa kwa anayelala Malindi ni ndoto. Kinachowezekana ni kwenda kwa mikupuo, wiki kadhaa darasani kisha miezi kazini, na hapo lazima mwajiri akubali.

Na hapa kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi wa hoteli hawalijui. Kila mwajiri hulipa NITA ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwajiri anayelipa ushuru huo anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo ya wafanyakazi wake kwa utaratibu wa NITA, mradi aombe idhini kabla ya mafunzo kuanza. Hoteli yenye wafanyakazi mia mbili inalipa 10,000 kila mwezi, na nyingi hazidai hata senti. Ukienda kwa meneja wa rasilimali watu ukiwa na barua ya chuo na maelezo hayo mkononi, unazungumza naye biashara. Ukienda kuomba ruhusa tu, atakuambia subiri msimu uishe.

Kwa mtu wa Lamu safari ni nyingine kabisa: boti hadi Mokowe, basi linalopitia Witu na Garsen hadi Malindi, kisha ndio uanze kuhesabu kilomita za Mombasa. Huyo akienda amekwenda, atapanga chumba. Gharama ya chumba na chakula itaipita ada kwa mbali, na kule nyumbani wateja wake watakuwa wamempata fundi mwingine.

Kusoma kwa masafa

Hii ndiyo inayotangazwa sana kwenye simu, na ndiyo inayowapotosha watu sana. Sisemi haifai. Nadharia unaweza kuisoma kwa masafa vizuri sana: sheria ya Ohm, hesabu za mzigo, kuchagua kebo, kusoma michoro, usalama. Yule fundi mwenye mkono mwepesi niliyemtaja, huyu ndiye ninayemwambia alipie bando, kwa sababu mkono anao.

Mfano mmoja wa faida yake. Waya za zamani zilikuwa nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Mpya ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Kwenye fezi moja hiyo haisumbui sana. Kwenye fezi tatu ni hatari tupu, kwa sababu katika utaratibu wa zamani buluu ilikuwa fezi na nyeusi ilikuwa nyutro, na katika mpya nyeusi ni fezi na buluu ni nyutro. Hoteli iliyojengwa zamani ikaongezewa jengo jipya ina rangi zote mbili ndani ya bodi moja. Fundi aliyejifunza kwa kukariri rangi ataunganisha buluu na buluu, na vifaa vya volti 240 vitaonja 415. Somo hilo unaweza kulielewa ukiwa kitandani na simu.

Kuna vitu simu haifundishi. Kupiga rodi ya ethi ardhini, kwa mfano. Sehemu kubwa ya Malindi na Lamu chini kuna mwamba wa matumbawe, na juu yake mchanga mkavu usiopitisha umeme vizuri. Rodi inayotosha kwenye udongo wa bara, huku inaweza kukupa usomaji mbovu mpaka uongeze ya pili, au uihamishe mahali penye unyevu. Unajifunza hilo kwa kupiga nyundo, kupima, kung'oa na kupima tena, na mtu anayejua akiwa amesimama nyuma yako. Vivyo hivyo kupima insuleshoni kwa mega ya volti 500: kitabu kitakuambia usomaji usishuke chini ya megaomu 1, lakini hakitakuambia kwamba bodi ya nje ya jengo lililo ufuoni inaweza kushuka chini ya hapo asubuhi yenye umande wa chumvi na kupanda saa sita jua likiwaka.

Sasa zile kozi za Uingereza. Zinauzwa mtandaoni kwa paundi, na picha ya fundi mwenye kofia safi. Nyingine ni halali kabisa. City & Guilds ni chombo cha kweli chenye heshima, na BS 7671, kanuni za Waingereza za kupiga waya, toleo la 18 lililotoka 2018, zina manufaa kwetu kwa sababu soketi zetu za pini tatu na mengi ya mazoea yetu yalitoka huko. Lakini elewa unachonunua. Hata Uingereza kwenyewe, mtu aliyesoma diploma ya City & Guilds ya kiwango cha 2 na cha 3 hajawa fundi kamili. Bado anatakiwa apate NVQ ya kiwango cha 3, ambayo ushahidi wake hukusanywa kwenye kazi halisi, kisha afanye mtihani wa vitendo uitwao AM2 katika kituo maalumu. Hakuna namna ya kufanya AM2 ukiwa Malindi kwa kamera ya simu. Kozi inayokuahidi kuwa fundi wa umeme wa Uingereza kwa wiki sita, nyumbani kwako, inakuuzia nadharia kwa bei ya ufundi.

Kwa hiyo masafa naiona kama mwenzi wa njia nyingine. Aliye na mkono, itamwongezea kichwa. Yule kijana wa Mpeketoni asiye na mkono asianze nayo.

Mchepuko wa sola

Nautaja kwa sababu kwa visiwani unaweza kuwa ndio njia ya haraka ya kuanza kulipwa. Tangu kanuni za sola za 2012, anayefunga mifumo ya sola anahitaji leseni yake, nayo ina madaraja matatu: T1 kwa mifumo midogo ya paneli moja na betri moja, T2 kwa ya kati, na T3 kwa mikubwa, pamoja na ile inayounganishwa na gridi. Mafunzo yake ni ya muda mfupi, siku au wiki chache, na yanatolewa na taasisi kadhaa, Strathmore ya Nairobi ikiwamo. Mtu anaweza kuchukua likizo yake ya mwaka akarudi na cheti. Lakini T3 wanataka uwe na msingi wa umeme tayari, na mfumo mkubwa unahitaji mtu anayejua pia upande wa AC, yaani umeme wa kawaida wa nyumbani. Mafundi wa sola wasiojua ethi ni wengi mno tayari.

Nani ashike ipi

Fundi wa matengenezo wa hoteli, Malindi au Watamu, aliye kazini miaka na hana cheti: NITA kwanza. Afanye gredi ya III, au RPL kama ushahidi anao, kisha apande, huku akimshawishi mwajiri kuhusu ushuru wa mafunzo ili moduli za kiwango cha 5 azifanye wakati wa masika. Kumwachisha kazi aende diploma ya miaka kadhaa ni kumrudisha nyuma.

Fundi wa Mji wa Kale wa Lamu ni suala jingine. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kupita mkono wako, huwezi kuzichimba ovyo kupitisha paipu. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kubadilisha nyumba kuna taratibu zake. Kazi nyingi hufanywa juu ya ukuta kwa tranki nyembamba, ule mfereji wa kufunikia waya, au waya hufuatishwa nyuma ya boriti mpaka mgeni asiione. Hakuna chuo Mombasa kitakachokufundisha kupitisha kebo kando ya boriti ya mkoko bila kuipasua. Unajifunza kwa mzee aliyezifanya nyumba hizo. Kwa hiyo kwake nasema abaki kwenye uanagenzi, afanye mtihani wa NITA, na nadharia aisome kwa masafa jioni. Kupanga chumba Mombasa kutampotezea wateja, na ujuzi wake wa maana uko hapo hapo mtaani Mkomani. Isipokuwa kama ana azma ya kazi kubwa: laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen imefika Lamu, bandari iko, na kazi za namna hiyo zinataka watu wenye diploma. Huyo aende, na aende akiwa kijana bado bila watoto.

Kijana wa kidato cha nne asiye na kazi ya kupoteza hana haja ya masomo ya muda. Namwambia asome kutwa, chuo cha serikali, aombe nafasi kupitia KUCCPS na mkopo wa HELB akistahili, amalize haraka, halafu atachimenti aifanye kwa kontrakta mwenye leseni wala si kwa jamaa aliye karibu. Barua ya atachimenti kutoka kwa mtu mwenye leseni ina uzito wake baadaye. Nawaona wazazi wakiwapeleka watoto kozi ya jioni kwa sababu ni rahisi, na mtoto mchana kutwa anazurura ufuoni. Hapo sielewi hesabu yake.

Na yule wa Malindi mwenye duka la vifaa vya stima anayetaka tu kuwashauri wateja vizuri, kozi ya masafa inamtosha kabisa.

Kabla ya kutuma pesa popote, nenda chuoni mwenyewe. Omba kuona usajili wa TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, wa chuo na wa kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa nao na kozi ya umeme haina. Uliza ni nani anayetoa cheti: NITA, CDACC (baraza la vyeti vya mtaala wa CBET), au ni karatasi ya chuo chenyewe. Uliza upimaji wa vitendo hufanyika hapo au utapelekwa kwingine, na nauli ni ya nani. Halafu omba kuiona karakana, na uulize wanafunzi wa muda huingia humo saa ngapi. Kama inafungwa saa kumi jioni na darasa lako linaanza saa kumi na moja, ada yako yote ni ya ubao na chaki.